Njia mbili, hekta mbili: msitu ukikatwa vipande, hewa ukaa yake inapungua kiasi gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji kimoja katika tarafa ya Amani, wilayani Muheza. Tuna msitu wa hifadhi wa kijiji wa hekta 100 hivi, umbo lake linakaribia mraba. Mkutano mkuu umeletewa ombi la kupasua njia mbili za magari zitakazokutana katikati ya msitu, ili viungo vinavyolimwa ng'ambo vifike sokoni kwa urahisi. Wenye ombi ni vijana wetu na wamepiga hesabu: kila njia kilomita 1 kwa upana wa mita 10, zote mbili ni hekta 2. Kwa hiyo hewa ukaa tunayotarajia kuiuza, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo miti yetu inaihifadhi, itapungua kwa asilimia 2, basi. Wazee wanapinga. Wanasema bandu bandu huisha gogo, na kwamba miti mikubwa itakufa hata isipoguswa na panga. Hesabu ya vijana naielewa. Maneno ya wazee siyaelewi, ila siwezi kuyadharau. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, ndugu katibu. Wazee wako sahihi.

Vijana hawajakosea kuzidisha. Walipokosea ni kudhani kwamba hekta zote za msitu zina uzito sawa, na kwamba hekta 98 zitakazobaki zitaendelea kuwa na uzito uleule baada ya njia kupita. Hasara kubwa haitatokea ndani ya zile hekta 2. Itatokea pembeni mwake, kwenye miti ambayo hakuna atakayeigusa, na itachukua miaka kumi au kumi na tano kuonekana yote. Nitakupa namba, na mwishoni nitakuambia ningekuwa mwanakijiji ningepiga kura ipi.

Kwanza tujue kaboni inakaa wapi. Bayomasi ya mti ni uzito wake ukiwa mkavu kabisa, na takriban asilimia 47 ya uzito huo ni kaboni. Ukitaka kujua ni tani ngapi za hewa ukaa, unazidisha tani za kaboni kwa 44 na kugawanya kwa 12, yaani mara 3.67 hivi. Hayo ni mepesi. Kinachowashangaza watu kila ninapokaa nao na futi mkononi ni jinsi kaboni isivyogawanyika sawa kati ya miti. Chukua mti mmoja mkubwa wa msitu wenu: kipenyo mita 1 kwenye usawa wa kifua, urefu mita 40, ubao wa uzito wa kati. Kwa kanuni iliyochapishwa mwaka 2014 na Jérôme Chave na wenzake, ambayo inatumika sana katika misitu ya tropiki, mti huo una bayomasi ya tani 12 hivi. Sasa chukua mhesi mchanga, ule mti unaokua upesi, wenye kipenyo cha sentimita 20 na urefu wa mita 15, ubao mwepesi. Kanuni ileile inakupa kilo 134. Inahitajika mihesi kama hiyo 90 kulipa deni la mti mmoja mkubwa ulioanguka.

Hali ndiyo hiyo duniani kote. Mwaka 2018 James Lutz na wenzake walikusanya vipimo vya ploti 48 kubwa za misitu, yaani maeneo yaliyowekewa mipaka ili miti yake ipimwe, kutoka mabara mbalimbali, wakakuta kwamba asilimia 1 ya miti iliyo minene kuliko yote ilibeba nusu ya bayomasi yote hai iliyo juu ya ardhi. Kwa hiyo mtu akiuliza msitu una kaboni kiasi gani, kimsingi anauliza una miti mikubwa mingapi. Na mtu akiuliza kaboni itapungua vipi, mwulize kwanza ni nini kinachoua miti mikubwa.

Jibu bora la swali hilo limetoka Brazili. Mwaka 1979, kilomita 80 hivi kaskazini mwa mji wa Manaus, mwanaikolojia Thomas Lovejoy alianzisha jaribio ambalo bado linaendelea. Wafugaji walikuwa wanafyeka Amazon kupata malisho, na sheria iliwataka wabakize sehemu ya ardhi yao ikiwa msitu. Lovejoy akaomba sehemu hizo zibakizwe kwa vipimo alivyovitaka yeye: vipande vya hekta 1, vya hekta 10 na vya hekta 100, jumla 11. Miti ilipimwa kabla ya kufyeka, ikapewa namba, kisha ikapimwa tena na tena baadaye. Hiyo ndiyo nguvu ya kazi ile. Hawakukisia msitu ulikuwaje zamani. Walikuwa nao kwenye daftari, mti kwa mti.

Mwaka 1997 William Laurance na wenzake wakatangaza walichokiona. Ndani ya mita 100 kutoka ukingoni, ploti zilikuwa zimepoteza hadi asilimia 36 ya bayomasi katika miaka 10 hadi 17 ya kwanza. Hakuna aliyeingia na msumeno. Miaka mitatu baadaye wakaonyesha ni miti ipi iliyokufa: yenye kipenyo cha sentimita 60 na zaidi, iliyo ndani ya mita 300 kutoka ukingoni, ilikuwa inakufa kwa kasi inayokaribia mara tatu ya ile iliyo ndani kabisa. Wazee wenu hawajafika Manaus, lakini wamekaa miaka mingi jirani na mashamba ya chai, na chai nayo ina kingo.

Kwa nini mikubwa ndiyo itangulie? Siku moja ingia msituni saa saba mchana, tembea hatua mia tatu hivi, usimame. Nje jua linachoma. Ndani kuna ubaridi, hewa imejaa unyevu, na upepo unausikia vileleni tu. Hali hiyo msitu huitengeneza wenyewe. Majani hutoa mvuke, mwavuli wa matawi huuzuia usitoroke, na miti iliyosongamana hukingiana upepo. Ukifungua ukuta upande mmoja, mvuke unatokea hapo, jua linaingia kwa ubavu, na upepo uliokuwa unapita juu unashuka na kuzunguka ndani ya mashina.

Mti mdogo unaweza kuzoea. Unapinda, unatoa majani mapya yanayolistahimili jua, unarefusha mizizi. Mti wa miaka mia mbili umejijenga kwa maisha mengine. Shina lake ni nene na gumu, halipindi. Upepo wa kuzunguka ukilishika linavunjika au linang'oka na udongo wake. Kichwa chake kiko juu ya wenzake wote, kwa hiyo ndicho kinachopata jua kali na hewa kavu kuliko vyote, na maji yanapaswa kupanda mita 40 kukifikia. Wengine hufa wima: kilele kinakauka mwaka huu, tawi kubwa linadondoka mwaka ujao, mwaka wa tatu gome linaanza kubanduka. Kisha ipo mimea inayotambaa, zile kamba nene za msituni. Hizo hupenda mwanga wa ukingoni kuliko kitu chochote. Hupanda juu ya mti mkubwa, humnyang'anya jua, humlemea, na akianguka huwavuta na jirani zake wawili watatu.

Gogo likishalala chini, kaboni haitoki siku hiyo. Linaoza kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na hewa ukaa inarudi angani polepole kiasi kwamba hakuna anayeiona ikienda. Ndiyo maana hesabu ya asilimia 2 huonekana sahihi mwaka wa kwanza, hata wa tatu.

Mtu atasema: lakini mahali mti ulipoanguka si huota mingine? Huota, na haraka. Ila huota ya aina gani? Nyinyi mnaujua mhesi kuliko mimi. Asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, hadi Uganda ambako wanauita musizi, na Kagera. Kwenu uliletwa na kupandwa Amani, na baada ya ukataji mkubwa wa mbao wa karne iliyopita ukasambaa kila palipokuwa na pengo. Hondohondo humeza matunda yake na kudondosha mbegu mbali. Unakua upesi, unajaza pengo, na picha ya satelaiti inaona kijani ileile. Lakini ubao wake ni mwepesi. Pengo lililoachwa na tani 12 limejazwa kwa majani mengi na kilo chache. Siuchukii mhesi, una kazi zake za mbao na kuni, ila haufai kuhesabiwa kana kwamba ni mnyasa, mti mkubwa wa asili wa msitu wenu.

Kuna na jambo la pili ambalo vipande vya msitu hulileta, nalo ni la taratibu zaidi: miti mikubwa kukosa warithi. Hili limechunguzwa papo hapo kwenu. Norbert Cordeiro na Henry Howe walifuatilia Usambara Mashariki mti mdogo wa chini ya mwavuli unaoitwa kitaalamu Leptonychia usambarensis, ambao mbegu zake husambazwa na ndege. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2003. Katika vipande vidogo vilivyozungukwa na mashamba, ndege wanaokuja kula matunda walikuwa wachache, mbegu chache zilibebwa, na miche iliyoota mbali na mti mama ilikuwa michache kuliko katika msitu mkubwa. Ndege wengi wa ndani ya msitu hawavuki uwazi. Shamba la chai ambalo wewe unalivuka kwa dakika tano, kwa ndege aliyezaliwa kivulini ni kama bahari.

Mti huo wenyewe hauna kaboni ya kutisha. Ninautaja kwa sababu kanuni yake inagusa na mikubwa. Miti mingi ya ubao mgumu na mzito huzaa mbegu kubwa, na mbegu kubwa inahitaji mnyama au ndege mkubwa wa kuibeba. Mwaka 2015 Carolina Bello na wenzake walipiga hesabu kwa misitu ya pwani ya Atlantiki ya Brazili, wakaonyesha kwamba wanyama wakubwa walao matunda wakitoweka, msitu wa kesho hujaa miti ya mbegu ndogo na ubao mwepesi, na akiba ya kaboni hushuka hata kama idadi ya miti haikupungua.

Na hapa niseme neno kuhusu iliki, kwa sababu najua baadhi ya hayo mashamba ya ng'ambo ni ya iliki chini ya miti ya asili. Ukitazama kutoka juu, shamba la iliki ni msitu. Miti mikubwa imesimama na mwavuli upo. Shuka chini utafute mche wa mnyasa au msambu wenye urefu wa goti, na utatafuta sana, kwa sababu kila palizi imeondoka nayo. Ile ni nyumba ya wazee wasio na wajukuu. Kaboni yake leo ni nzuri. Miaka hamsini ijayo haina mtu wa kuishika.

Sasa turudi kwenye njia zenu mbili, tupige hesabu upya. Msitu wa hekta 100 wenye umbo la mraba una kila upande mita 1,000. Ukitoa utepe wa mita 100 kuzunguka pande zote, kiini kinachobaki ni mraba wa mita 800, yaani hekta 64. Hapo ndipo mahali miti mikubwa ina usalama. Nimechukua mita 100 kwa sababu ndipo Manaus ilipoonyesha hasara kubwa; madhara mengine, hasa ya upepo, huingia mbali zaidi, kwa hiyo namba zangu zinawapendelea wenye ombi.

Pitisha njia mbili zinazokutana katikati. Msitu umekuwa vipande vinne, kila kimoja mraba wa mita 495. Ukitoa mita 100 kila upande, kila kipande kina kiini cha mita 295 kwa 295, ambacho hakifiki hekta 9. Vyote vinne vinakupa hekta 35 hivi. Umekata hekta 2, na kiini kimeshuka kutoka hekta 64 hadi 35. Kingo zimeongezeka kutoka kilomita 4 hadi karibu 8. Ukiondoa sehemu ya kiini iliyochukuliwa na njia zenyewe, hekta 28 ambazo jana zilikuwa ndani, leo ziko ukingoni, na hakuna mti hata mmoja uliokatwa katika hizo.

Tuzipe uzito. Mwaka 2021 Aida Cuni-Sanchez na timu kubwa ya watafiti, wengi wao Waafrika, walichapisha vipimo vya misitu ya milimani kutoka maeneo 44 katika nchi 12 za Afrika. Wastani ulikuwa tani 149.4 za kaboni kwa hekta, juu ya ardhi peke yake, kiasi kikubwa kuliko wengi walivyodhani kwa misitu ya milima. Tutumie 150 kama namba ya mfano mpaka mpime ya kwenu. Msitu mzima una tani 15,000. Njia zenyewe, hekta 2, zinaondoa tani 300: hizo ndizo asilimia 2 za vijana. Hekta 28 mpya za ukingo zikipoteza asilimia 10 tu ya kaboni yake, hizo ni tani 420 nyingine, na jumla inakaribia asilimia 5. Zikipoteza kama ploti zilizoumia zaidi kule Manaus, asilimia 36, ni tani 1,500 nyingine, na jumla inafika asilimia 12. Kwa hewa ukaa, ambayo ndiyo mnayotarajia kuiuza, tofauti ni kati ya tani 1,100 walizohesabu vijana na tani 2,600 hadi 6,600 mnazoweza kupoteza.

Lazima niwe mwadilifu kwa vijana. Vipande vya Manaus vilizungukwa na malisho ya ng'ombe, uwazi mtupu unaowaka jua. Njia ya mita 10 ambayo matawi ya pande mbili yanakutana juu yake ni kitu kingine kabisa; upepo na jua haviingii vivyo hivyo, na ndege wengi zaidi watathubutu kuvuka. Kama njia ingebaki mita 10, na kivuli kikabaki juu yake, ningekuwa karibu na ile asilimia 5 kuliko 12. Shaka yangu ni hilo neno "ingebaki". Njia ya gari milimani inahitaji mfereji wa maji, sehemu za magari kupishana, na kingo zilizochongwa ili udongo usiporomoke. Na ikishakuwapo, mwenye msumeno hahitaji tena kubeba mbao kichwani kilomita moja. Nimeona njia za aina hii zikianza nyembamba, na nilipozirudia baada ya miaka michache nikakuta migomba pande zote mbili.

Pia usije ukakutana na utafiti wa Marekani ukachanganyikiwa. Mwaka 2017 Andrew Reinmann na Lucy Hutyra walionyesha kwamba mialoni ya ukingoni huko Massachusetts ilikuwa inakua haraka kuliko ya ndani, na ukingo ukawa unahifadhi kaboni zaidi. Ni kweli, na ni kazi nzuri. Lakini ile ni misitu ya nchi ya baridi, iliyorudi yenyewe kwenye mashamba ya zamani, ambako mwanga ndio unaokosekana kuliko unyevu. Na hata wao waliona kwamba joto likizidi, miti ya ukingoni ndiyo inayoumia mapema. Kanuni ya kule haihamishiki Usambara.

Kwa tropiki, picha kubwa iko wazi. Hesabu ya Katharina Brinck na wenzake ya mwaka 2017 ilikuta misitu ya tropiki imebaki katika vipande karibu milioni 50, na asilimia 19 ya eneo lake iko ndani ya mita 100 kutoka ukingoni. Kwa Amazon peke yake, Celso Silva Junior na wenzake walikadiria mwaka 2020 kwamba kati ya 2001 na 2015 kingo za msitu zilipoteza tani milioni 947 za kaboni, zaidi ya theluthi moja ya kiasi kilichopotea kwa ufyekaji wenyewe katika miaka hiyo. Hasara hiyo ya kingo haimo katika hesabu inayotazama hekta zilizofyekwa peke yake. Kwa hiyo vijana wenu wamefanya kosa ambalo hata mataifa yamelifanya, na wasionewe.

Ningepiga kura ipi? Ningekataa njia za katikati, na ningetaka wenye viungo wapewe njia nyingine siku hiyohiyo, kwenye mkutano huohuo. Kijiji kikimwambia mkulima wa mdalasini na karafuu "hapana" bila kumwonyesha pa kupita, atapita usiku. Njia iwekwe kwenye mpaka wa msitu, mahali ambapo ukingo upo tayari. Kwa umbo la msitu wenu, kutoka katikati ya upande mmoja hadi katikati ya upande wa pili ni kilomita 1 ukikatiza na kilomita 2 ukizunguka. Wanachoombwa vijana ni kilomita moja ya ziada ya bodaboda. Wanachopewa kijiji ni hekta 29 za kiini zinazobaki kiini. Hapo ndipo mjadala unapopaswa kukaa, na mteremko ukiwa mkali upande mmoja, mjaribu upande wa pili kabla ya kurudi katikati. Nguvukazi ya kijiji isaidie kuijenga hiyo njia ya mpakani, kwa kuwa faida ya msitu ni ya wote.

Jambo la pili, hata bila njia yoyote kingo zenu kilomita 4 zipo na zinavuja. Kule Manaus waligundua kwamba pale ufyekaji ulipoachwa ukaota vichaka na miti michanga, miti ya ukingoni ilikufa kidogo kuliko pale palipobaki malisho. Kinachopakana na msitu kina uzito sawa na msitu wenyewe. Mahindi mpaka kwenye shina la mwisho ni jirani mbaya. Shamba la karafuu, mdalasini na pilipili manga iliyopandishwa kwenye miti ya kivuli ni jirani mzuri, na ni kazi mnayoijua tangu utotoni. Mkiweza kupanga kwamba utepe wa mita 50 nje ya mpaka ulimwe viungo chini ya miti na si mazao ya jua, mtakuwa mmeuvika msitu koti. Katika utepe huo pandeni msambu, mnyasa na mvule. Mhesi utakuja bila kuitwa.

Tatu ni kipimo, na hili nakusihi lifanyike kabla ya mnunuzi yeyote wa hewa ukaa kufika. Msikubali msitu wenu upimwe kwa ploti chache zilizowekwa kando ya njia kwa sababu ndipo panapofikika. Ploti zote zikiwa ukingoni, mtauza msitu wenu kwa bei ya ukingo. Zote zikiwa katikati, mtaahidi kaboni msiyo nayo, na deni litakuja. Ziwepo za ndani ya mita 100 na za kiini, kila kundi lihesabiwe peke yake, na zirudiwe kila baada ya miaka mitano. Juu ya hapo, kwa hekta 100 mnaweza kufanya kitu ambacho hifadhi kubwa haziwezi: kuhesabu kila mti mkubwa. Kipenyo cha sentimita 60 ni sawa na mzingo wa sentimita 188, kwa hiyo futi ya fundi cherehani yenye sentimita 150 haitoshi. Tafuteni ya mita tatu au kamba iliyotiwa alama. Pimeni mita 1.3 kutoka chini, upande wa juu wa mteremko. Shina likiwa na mizizi mipana inayopanda kama mbao, pimeni juu ya hapo inapoishia. Kila mti uliofika sentimita 188 upewe kibati cha namba, uandikwe jina la Kisambaa, mzingo wake, na umbali wake kutoka ukingoni kwa hatua. Daftari moja litatosha. Wachukueni wazee kwa majina na vijana kwa futi.

Mkutano wenu ukiwa karibu na hakuna muda wa msitu mzima, fanyeni hii sehemu kwanza: fuateni mistari miwili iliyopendekezwa, muingie mita 100 kila upande, mhesabu miti yote iliyofika mzingo huo. Siku mbili za watu sita zinatosha. Hesabu ya hekta 2 ikishasomwa mbele ya mkutano, idadi ya miti hiyo isomwe mara baada yake, na anayeisoma awe mmoja wa hao vijana walioishika futi.